Mwajiri anapomdhamini mgeni asiye na ujuzi: Njia nyembamba ya ukaazi wa kudumu Marekani

WATU wengi wa Afrika Mashariki wanapozungumzia kuhamia Marekani hutaja njia mbili: bahati nasibu ya viza, au ndugu aliyetangulia na kupata uraia. Ipo njia ya tatu isiyojulikana sana, ambayo mwajiri wa Marekani humwombea ukaazi wa kudumu mgeni atakayefanya kazi isiyohitaji elimu ya juu wala ufundi wa muda mrefu.

Kazi zenyewe ni zile ambazo wenyeji wengi hawazikimbilii. Ni kukata na kufungasha nyama ya kuku viwandani, kufanya usafi katika hoteli na majengo, kuosha vyombo na kuandaa chakula mikahawani, kuhudumia wazee na wagonjwa majumbani, au kupanga mizigo maghalani.

Kwa kuwa njia hii ni halali na mwisho wake ni kadi ya kijani, imekuwa pia chambo kizuri kwa matapeli. Mtu huonyeshwa jina la kampuni iliyopo kweli, hutajiwa fungu la sheria lililopo kweli, kisha hutozwa fedha kwa safari ambayo haipo.

Makala haya yanaeleza sheria inasema nini, hatua zinafuatana vipi, nani anapaswa kulipia nini, na kwa nini anayeahidiwa kuondoka ndani ya miezi mitatu hana budi kushtuka.

Sheria ilikotoka

Msingi wa utaratibu huu ni Sheria ya Uhamiaji na Uraia ya Marekani ya mwaka 1952. Marekebisho ya mwaka 1965 yaliweka sharti kwamba mgeni anayekuja kwa ajili ya kazi asiingie mpaka Wizara ya Kazi ithibitishe mambo mawili. Kwanza, hakuna mfanyakazi wa Marekani mwenye sifa aliye tayari kuifanya kazi hiyo mahali hapo. Pili, kuajiriwa kwa mgeni huyo hakutashusha mishahara wala kuharibu mazingira ya kazi ya wenyeji.

Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1990 ndiyo iliyopanga viza za ukaazi zitokanazo na ajira katika makundi matano, zikiwa jumla ya takriban 140,000 kwa mwaka. Kundi la tatu, lijulikanalo kama EB-3, lina matabaka matatu ndani yake: wenye shahada, mafundi wa kazi zinazohitaji mafunzo au uzoefu wa angalau miaka miwili, na hao ambao sheria inawaita kwa ufupi "wafanyakazi wengine".

Hao wa mwisho ndio wanaozungumziwa hapa. Kazi yao inahitaji mafunzo au uzoefu wa chini ya miaka miwili, lakini ni lazima iwe ya kudumu na ya muda wote. Kazi ya msimu, kama vile kuvuna matunda kwa miezi minne, haimo.

Ikumbukwe kuwa Marekani ina viza nyingine za kazi za aina hiyo, H-2A kwa kilimo na H-2B kwa kazi nyingine za muda, ambazo humrudisha mtu kwao kibali kinapokwisha. Wakala anayesema kuwa H-2B ni kadi ya kijani ama haelewi anachokiuza, ama anaelewa vizuri mno.

Nafasi 10,000 tu kwa dunia nzima

Bunge la Marekani liliweka ukomo wa viza 10,000 kwa mwaka kwa wafanyakazi wengine wote, kutoka nchi zote za dunia. Idadi hiyo inajumuisha mume au mke wa mfanyakazi pamoja na watoto wao walio chini ya miaka 21 ambao hawajaoa au kuolewa. Familia ya watu watano hutumia nafasi tano.

Mwaka 1997 Bunge hilo lilipitisha sheria ya kuwasaidia wakimbizi wa Nicaragua na nchi nyingine za Amerika ya Kati, na ili kufidia nafasi hizo likaruhusu hadi viza 5,000 zikatwe kila mwaka kutoka katika fungu la wafanyakazi wengine. Makato hayo yalianza katika mwaka wa fedha wa 2002 na yaliendelea kwa miaka mingi kabla ya kupungua na kubaki madogo. Kadhalika, kwa kanuni ya jumla hakuna nchi moja inayoruhusiwa kuchukua zaidi ya asilimia 7 ya viza za makundi haya kwa mwaka.

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Uchumi wa Marekani una mamilioni ya ajira za aina hii, ilhali mlango halali wa kudumu unapitisha watu wasiozidi 10,000, wake na watoto wakiwamo. Foleni haiwezi kukosekana.

Hatua ya kwanza: Wizara ya Kazi

Safari huanza kwa mwajiri, wala si kwa mfanyakazi. Tangu Machi 28, 2005, maombi hupitia mfumo uitwao PERM ulio chini ya Wizara ya Kazi.

Mwajiri huiomba kwanza wizara imtajie mshahara wa kawaida wa kazi hiyo katika eneo husika, na hawezi kumlipa mgeni chini ya kiwango hicho. Kima cha chini cha serikali kuu ya Marekani kimekuwa dola 7.25 kwa saa tangu Julai 2009, lakini mshahara unaotajwa na wizara aghalabu huwa juu ya hapo.

Baada ya hapo mwajiri hulazimika kuwatafuta wenyeji kwa dhati. Hutangaza nafasi katika ofisi ya ajira ya jimbo kwa siku 30, huweka matangazo katika gazeti kwa Jumapili mbili, na hubandika tangazo mahali pa kazi kwa siku kumi za kazi mfululizo. Akijitokeza Mmarekani mwenye sifa na aliye tayari, maombi ya nafasi hiyo hukwama.

Asipopatikana, mwajiri hupeleka maombi wizarani. Siku wizara inapoyapokea ndiyo huwa namba ya mfanyakazi katika foleni, na hiyo huitwa tarehe ya kipaumbele. Mtu asiyeijua tarehe yake ya kipaumbele hajui alipo katika safari hii.

Katika miaka ya 2024 na 2025 hatua ya kushughulikiwa maombi hayo wizarani peke yake ilichukua zaidi ya mwaka mmoja, ukiacha miezi ya kusubiri kutajwa kwa mshahara na ile ya matangazo.

Hatua ya pili: Idara ya uhamiaji

Wizara ikishatoa cheti, mwajiri ana siku 180 za kukipeleka katika Idara ya Uraia na Huduma za Uhamiaji, USCIS, pamoja na fomu I-140. Kanuni hiyo ya siku 180 ilianza Julai 2007. Kanuni hizo hizo zilipiga marufuku kubadilisha jina la mfanyakazi katika cheti kilichokwisha kuombwa, mchezo ambao zamani uliwezesha vyeti kuuzwa kama bidhaa.

Katika hatua hii mwajiri anapaswa kuthibitisha kwamba ana uwezo wa kulipa mshahara alioutaja, tangu tarehe ya kipaumbele hadi siku mfanyakazi atakapopata ukaazi. Ushahidi wake ni hesabu zilizokaguliwa, ripoti za mwaka au marejesho ya kodi. Mkahawa mdogo unaodai kuwadhamini wageni 50 kwa mpigo utaulizwa fedha hizo zitatoka wapi.

Mfanyakazi naye huthibitisha kuwa alikuwa na sifa zilizotajwa kabla ya tarehe ya kipaumbele. Ikiwa tangazo lilidai miezi mitatu ya uzoefu, barua ya mwajiri wa zamani itahitajika, na iwe ya kweli. Mgeni anayepatikana na hatia ya kughushi au kudanganya ili apate viza anaweza kuzuiwa kuingia Marekani maisha yake yote, na misamaha ya kosa hilo ni michache.

Hatua ya tatu: Kusubiri zamu

Kukubaliwa kwa fomu I-140 si viza. Kila mwezi Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hutoa jedwali linaloonyesha tarehe za kipaumbele zilizofikiwa kwa kila kundi. Herufi C katika jedwali humaanisha kuwa kundi liko wazi kwa wote, na herufi U humaanisha kuwa viza hazipatikani kwa wakati huo. Penye tarehe, wanaohudumiwa ni wale tu waliotangulia tarehe hiyo.

Jedwali hilo husonga mbele, na wakati mwingine hurudi nyuma. Mwanzoni mwa mwaka 2022 kundi la wafanyakazi wengine lilikuwa wazi kwa nchi nyingi. Kufikia katikati ya mwaka huo liliwekewa ukomo wa Mei 2019. Waliokuwa wakifunga mizigo walijikuta wamerudishwa nyuma kwa miaka mitatu katika foleni.

Katika jedwali la Oktoba 2025 tarehe iliyofikiwa kwa nchi nyingi, za Afrika Mashariki zikiwamo, ilikuwa katikati ya Julai 2021. Kwa maneno mengine, waliokuwa wakihudumiwa wakati huo walikuwa wamesubiri zaidi ya miaka minne tangu Wizara ya Kazi ilipopokea maombi yao.

Zamu ikifika, aliye nje ya Marekani hulipa ada ya viza, ambayo kwa viza za ajira ni dola 345 kwa kila mtu, hujaza fomu DS-260, hupimwa afya kwa daktari aliyeteuliwa na ubalozi, huleta cheti cha polisi cha tabia njema, kisha huhojiwa. Akipita, huingia Marekani akiwa mkaazi wa kudumu tangu siku ya kwanza, na baada ya miaka mitano anaweza kuomba uraia.

Watoto wanaokua wakati foleni ikisonga

Gharama kubwa ya foleni hii mara nyingi haihesabiwi kwa dola. Tuchukue mfano wa kufikirika wa mama wa Mombasa mwenye binti wa miaka 17, ambaye maombi yake ya kazi ya usafi yalipokewa na Wizara ya Kazi mwaka 2024. Zamu yake ikifika mwaka 2029, binti huyo atakuwa na miaka 22.

Ipo sheria ya mwaka 2002 ya kuwalinda watoto wa aina hii. Inaruhusu kupunguza katika umri wa mtoto muda ambao fomu I-140 ilikuwa ikishughulikiwa. Kama fomu ilichukua miezi sita, binti atahesabiwa kuwa na miaka 21 na nusu, yaani bado amepita umri. Miaka yote iliyotumika Wizara ya Kazi na ile ya kusubiri zamu haipunguzwi hata siku moja.

Matokeo yake, mama anapata viza na binti anabaki. Mama akishakuwa mkaazi anaweza kumwombea mwanawe, lakini hiyo ni foleni nyingine, nayo ina miaka yake. Familia yenye watoto wa umri wa sekondari inapaswa kupiga hesabu hii kabla ya kuuza shamba.

Nani analipia nini

Kanuni za Wizara ya Kazi zilizoanza kutumika Julai 16, 2007 ziko wazi katika jambo hili. Gharama za kupata cheti cha wizara, yaani ada ya wakili wa mwajiri na matangazo ya kutafuta wafanyakazi, ni za mwajiri. Haruhusiwi kumtoza mgeni, kumkata katika mshahara baadaye, wala kupokea fedha hizo kwa mlango wa nyuma kupitia kwa mtu mwingine. Kuuza au kununua cheti ni marufuku. Mwajiri anayekiuka anaweza kunyang'anywa cheti na kufungiwa kuomba vingine kwa muda wa hadi miaka mitatu.

Mfanyakazi hujilipia ada yake ya viza, vipimo vya afya, nyaraka zake na, akitaka, wakili wake mwenyewe anayemtetea yeye.

Hata hivyo, kati ya kanuni na maisha kuna pengo. Mwaka 2017 shirika la habari la ProPublica la Marekani liliandika juu ya watu kutoka Korea Kusini, baadhi yao wakiwa na elimu nzuri, waliokuwa wakilipa mawakala hadi dola 26,000 ili wapelekwe kufanya kazi katika viwanda vya kuku kwa njia hii hii ya wafanyakazi wengine. Walichokinunua hakikuwa kazi ya kukata kuku. Ilikuwa kadi ya kijani na shule za watoto wao.

Habari hiyo inaonyesha mambo mawili. La kwanza, njia hii inafanya kazi kweli, na wapo waliofika. La pili, uhaba wa nafasi umezaa soko, na penye soko la namna hiyo mwenye fedha humtangulia yule ambaye kazi hizo zilikuwa saizi yake.

Tofauti na udhamini wa Ghuba

Kwa wasomaji wenye ndugu Oman, Saudi Arabia au Qatar, neno udhamini huleta picha ya kafili. Huko kibali cha mgeni kuishi kimefungamana na mwajiri, na hata baada ya mageuzi kama yale ya Qatar ya mwaka 2020 na ya Oman ya mwaka 2021 yaliyorahisisha kubadili kazi, ajira ya mfanyakazi wa ndani au wa ujenzi haimfikishi kwenye ukaazi wa kudumu. Kazi ikiisha, safari imeisha.

Kwa Marekani mambo ni kinyume. Nguvu ya mwajiri ni kubwa kabla ya viza, kwa kuwa anaweza kuondoa maombi au kufilisika, na mfanyakazi akapoteza kazi aliyoisubiri. Lakini mtu akishaingia na kadi yake, ukaazi ni wake yeye. Mwajiri hana uwezo wa kuifuta kadi hiyo, wala hana haki ya kumshikia pasipoti.

Swali linaloulizwa sana ni muda gani mtu analazimika kubaki kwa mwajiri huyo. Sheria haijataja idadi ya miezi. Inachotaka ni nia ya kweli, kwa pande zote mbili, ya kuajiri na kuajiriwa kwa kazi ya kudumu. Anayetua Jumatatu na kutoroka Jumatano anajiweka katika hatari ya kuulizwa siku ya kuomba uraia kama nia hiyo ilikuwapo. Mikataba mingi huweka mwaka mmoja, na penye faini ya kuondoka mapema ni vyema wakili aisome kabla ya sahihi kuwekwa.

Milango iliyofungwa kwa baadhi ya nchi

Haya yote yana sharti moja kubwa, nalo ni uraia wa mwombaji. Kwa tangazo la Rais Donald Trump la Desemba 2025, lililoanza kutumika Januari 1, 2026, Tanzania iliingizwa katika orodha ya nchi ambazo raia wake walisimamishiwa viza za uhamiaji pamoja na baadhi ya viza za matembezi na masomo. Burundi ilikuwa imekwisha kuwekewa vikwazo kama hivyo tangu Juni 2025.

Januari 2026 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilitangaza pia kusimamisha utoaji wa viza za uhamiaji kwa raia wa nchi 75, zikiwamo Tanzania, Uganda na Rwanda.

Hatua za namna hii huwekwa na kuondolewa kwa uamuzi wa serikali, hivyo mwombaji anapaswa kuthibitisha hali ilivyo katika tovuti rasmi siku anayotaka kutoa fedha yake. Wakati zuio lipo, hata mwenye zamu iliyofika hawezi kupewa viza, isipokuwa awe miongoni mwa waliosamehewa. Wakala anayeendelea kukusanya ada za viza za uhamiaji bila kulitaja jambo hilo anaficha habari iliyo wazi kwa dunia nzima.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Anayeletewa ofa ya aina hii na aulize maswali machache, na adai majibu kwa maandishi.

Kwanza, jina kamili na anwani ya mwajiri ni ipi, na kazi hasa ni ipi, kwa mshahara gani na katika mji gani? Mwajiri mwenyewe, akipigiwa simu kwa namba isiyotoka kwa wakala, anaitambua ofa hiyo?

Pili, maombi yamefika hatua gani? Kama yamepokewa na Wizara ya Kazi, tarehe ya kipaumbele ni ipi? Kama fomu I-140 imewasilishwa, namba ya stakabadhi ni ipi? Namba hiyo huweza kukaguliwa na mtu yeyote katika tovuti ya USCIS.

Tatu, fedha inayodaiwa ni ya kitu gani? Ikiwa ni ya cheti cha Wizara ya Kazi au matangazo, hiyo si ya mfanyakazi kulipa. Ada za serikali ya Marekani hulipwa kwa serikali yenyewe kwa njia zake rasmi, wala haziingizwi katika simu ya mtu binafsi.

Nne, wakala ana leseni? Nchini Kenya mawakala wa ajira husajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira, na katika nchi nyingine za ukanda huu wizara zenye dhamana ya kazi ndizo zenye orodha hiyo. Wakili wa Marekani naye huwa na usajili wa chama cha mawakili cha jimbo lake, na jina lake huweza kutafutwa humo.

Njia hii si ndoto, wala si ya mkato. Anayefaa kuijaribu ni mtu mwenye mwajiri wa kweli, mwenye subira ya miaka, na ambaye maisha yake nyumbani hayatasimama akisubiri: anaendelea na kazi yake, watoto wanaendelea na shule, na nyumba haijawekwa rehani kwa ajili ya tarehe ambayo hakuna wakala, mwajiri wala balozi awezaye kuiahidi.